Kitabu cha Mapishi kwa Jiko la Njombe: Mwongozo wa Asiyekula Nyama na Mpenda Nafaka Nzima

Mkoa wa Njombe unalisha watu wengi kuliko wanaoishi humo. Viazi mviringo, njegere, kabichi, karoti, maharage na parachichi hupakiwa kwenye malori na kuteremka kuelekea Dar es Salaam. Hapo Makambako, njia panda ya Dar es Salaam, Mbeya na Songea, mahindi ya Ruvuma hukutana na mchele wa Mbarali na ulezi wa kutoka Mbozi na Rukwa. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 50.4 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humu wamedumaa, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 30. Sababu ni nyingi, zikiwemo maradhi, maji yasiyo salama na mzigo wa kazi wa akina mama. Lakini mojawapo iko mezani kabisa: chakula kipo, ila hakijapangwa vizuri kwenye sahani. Ugali mweupe na kabichi mara mbili kwa siku hujaza tumbo na kuuacha mwili ukidai.

Ndiyo maana nalichukulia suala la kitabu cha mapishi kwa uzito. Mwongozo huu ni wako wewe uliyeacha nyama kwa imani, kwa afya au kwa huruma kwa wanyama. Ni wako pia wewe ambaye hujaiacha kwa hiari, bali unaila siku ya sikukuu tu kwa sababu mfuko ndio unaoamua. Kundi hili la pili ni kubwa kuliko la kwanza na ndilo linalosahaulika, maana vitabu vingi vya mapishi yasiyo na nyama vimeandikwa kwa ajili ya watu wanaokwenda kwenye maduka makubwa ya mijini kutafuta vitu ambavyo Makambako havijawahi kushushwa.

Nitakwambia wapi pa kutafuta, namna ya kukipima kitabu kabla hujakilipia, na namna ya kukirekebisha kikishafika jikoni kwako. Ila kwanza tupite mashineni, kwa kuwa kitabu kizuri hakiwezi kuokoa unga mbaya.

Mashineni

Punje ya nafaka ina sehemu tatu: ganda la nje linalotoka kama pumba, kiini ambacho ndicho huota, na sehemu kubwa nyeupe ya wanga. Nafaka nzima ni ile ambayo sehemu zote tatu zimebaki. Mashineni mahindi ya sembe hupita kwenye kinu cha kukoboa kisha cha kusaga, na ya dona hupita cha kusaga peke yake. Tofauti ya hatua hiyo moja ni kubwa: pumba zinazobaki hubeba nyuzinyuzi, sehemu kubwa ya madini na vitamini za kundi B, pamoja na mafuta ya kile kiini. Zikifungwa kwenye gunia na kuuzwa, kuku na nguruwe ndio wanaokula sehemu bora ya mahindi uliyoyalima.

Kanuni za mwaka 2011 zilitaka unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani uongezewe virutubishi, kama vile madini chuma na asidi ya foliki, na ni jambo jema. Lakini mashine ya mtaani inayokukobolea debe lako haikuongezei chochote. Kwa anayekula nyama mara chache au asiyeila kabisa, dona ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kurudisha kilichopotea, tena bila kuongeza hata shilingi moja. Utalipa pungufu, kwa sababu hukukoboa.

Dona ina masharti yake mawili. La kwanza ni ubora wa mahindi yenyewe. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na hii ni sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga ambazo hazikukauka vizuri. Ukisaga punje nzima unasaga na kila kilichokaa kwenye ganda lake, kwa hiyo dona haitaki mahindi ya kubahatisha. Kausha juu ya turubai na si juu ya udongo, chambua punje zilizobadilika rangi, zilizooza au zilizotobolewa na wadudu, kisha hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Usijidanganye kuwa kuchemsha kutaondoa sumu hiyo, kwani inahimili moto wa jikoni. Sharti la pili ni muda. Mafuta ya kiini huchacha, na unga wa dona wa miezi miwili huwa mchungu. Saga kidogo kidogo, sado moja au mbili kwa wiki, badala ya gunia zima.

Ngano nayo inalimwa huku kwetu, Makete na hata Njombe, lakini dukani utakuta unga mweupe umejaa rafu nzima. Ulizia unga wa ata, yaani wa ngano nzima, au nunua ngano ya punje ukasage mwenyewe kwa mashine iliyosafishwa. Usinunue mkate kwa sababu tu una rangi ya kahawia, maana rangi inaweza kutiwa. Soma maandishi ya pembeni, na kama unga wa ngano nzima hautajwi mwanzoni kabisa mwa orodha ya viambato, umelipia rangi. Kwa wali, mchele wa kahawia ni mpunga uliotolewa ganda gumu tu bila kung'arishwa. Wenye mashine za mpunga upande wa Igawa na Chimala wanaweza kukutolea ukiwaagiza mapema, ingawa watakushangaa.

Ulezi ndio ninaousisitiza kuliko nafaka nyingine yoyote. Punje yake ni ndogo mno, hivyo mara nyingi husagwa nzima, na gramu 100 zake hubeba kalisi zaidi ya miligramu 300, kiasi ambacho mchele, ngano na mahindi havikikaribii. Kwa mtu asiyekunywa maziwa, hapo pana sababu tosha ya kuuweka ulezi jikoni kila wiki.

Wapi pa kutafuta vitabu

Nikueleze ukweli ulivyo: maduka ya vitabu ya Njombe na Makambako yanaishi kwa vitabu vya shule, madaftari, Biblia na nyimbo. Kitabu cha mapishi ya nafaka nzima hutakikuta kimetundikwa dirishani. Lakini vipo vyanzo, na baadhi viko karibu kuliko unavyodhani.

Anza na vitabu vya sayansi kimu vya sekondari. Watu huvipita kwa sababu vina sura ya darasani, kumbe humo ndimo unamoelezwa kwa nini maharage hulowekwa, kwa nini mboga za majani zisichemshwe hadi kubadilika rangi, na namna ya kupanga mlo wa mjamzito au mtoto. Vilivyotumika hupatikana kwa bei ndogo. Kitabu cha namna hii hakikupi mapishi mengi, ila kinakupa akili ya kuyahukumu mapishi ya vitabu vingine.

Chanzo cha pili ni Waadventista Wasabato. Wamehimiza ulaji usio na nyama kwa zaidi ya karne moja, wana kiwanda chao cha uchapishaji, Tanzania Adventist Press, Morogoro, na wana wainjilisti wa vitabu wanaozunguka maofisini na majumbani na begi la vitabu vya afya. Ukikutana na mmoja wao pale stendi au hospitalini, mwulize moja kwa moja kama ana kitabu cha mapishi. Hata kama hana, kanisani kwao kuna akina mama wanaojua kutengeneza maziwa ya soya na mikate ya ngano nzima, na hawana uchoyo wa kufundisha. Neno moja la tahadhari: vitabu vya afya vya aina hii, vya dhehebu lolote, wakati mwingine huahidi kwamba chakula fulani kinaponya ugonjwa fulani. Chukua mapishi, na ugonjwa upeleke kwa daktari.

Wamisionari Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda nao wamechapa vitabu vingi vya Kiswahili, na Peramiho iko jirani na Songea, mji unaofikiwa kwa barabara inayotoka Makambako kupitia Njombe. Maduka ya vitabu ya majimbo ya Kikatoliki na ya dayosisi za Kilutheri yana tabia ya kuwa na vitabu vya malezi na utunzaji wa nyumba kwenye rafu ya chini. Inama utazame. Na kama una ndugu au rafiki Dar es Salaam, mtume TPH Bookshop, Barabara ya Samora, kisha akutumie kitabu kwa basi. Mabasi ya Songea na ya Mbeya hupita Makambako, na mzigo wa kitabu kimoja nauli yake si kubwa.

Usiisahau Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Miongozo na vipeperushi vyake vimeandikwa kwa Kiswahili na kwa kutumia vyakula vyetu. Ofisa lishe wa halmashauri yako, awe wa Njombe Mji, Makambako au Wanging'ombe, ndiye mlango wa kuvipata. Ni mtumishi wa umma; nenda ukamwombe bila woga.

Kwa anayesoma Kiingereza, utajiri mkubwa ni wa bure. Mwaka 2018 Serikali ya Kenya na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, walitoa kitabu kiitwacho *Kenya Food Recipes*, chenye mapishi ya kawaida ya makabila ya Kenya, kila pishi likiwa na vipimo na hesabu ya virutubishi vyake. Si kitabu cha wasiokula nyama, ila sehemu kubwa ya mapishi yake ni nafaka, kunde na majani, na wali, ugali, kande na chapati za Kenya zinafanana na zetu. Kwa maoni yangu, hakuna kitabu cha bure kinachomfaa mpishi wa Njombe kuliko hiki. Mwaka 2016, uliotangazwa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Jamii ya Kunde, FAO hiyohiyo ilitoa kitabu *Pulses: Nutritious Seeds for a Sustainable Future*, chenye mapishi ya maharage, mbaazi na dengu kutoka kwa wapishi wa nchi mbalimbali. Anayetaka kuelewa ulezi, mtama na uwele kwa kina asome juzuu ya kwanza ya *Lost Crops of Africa*, ya mwaka 1996. Vyote vinapakuliwa kwenye intaneti bila malipo. Peleka kwenye steshenari, chapisha kurasa unazozihitaji tu, zifungwe kwa spairo, na utakuwa na kitabu kinachovumilia mikono yenye unga.

Katika vitabu vya kununua, viwili vya nje vinastahili pesa yako. Cha kwanza ni *World Vegetarian* cha Madhur Jaffrey, cha mwaka 1999. Mama huyu ni Mhindi, na Uhindini kuna mamilioni ya watu ambao hawajawahi kula nyama maishani mwao. Kwao maharage na dengu si chakula cha shida, ni sanaa. Kitabu chake kimepangwa kwa kufuata kiungo: unayo njegere, unafungua njegere. Cha pili ni *The Laurel's Kitchen Bread Book* cha mwaka 1984, ambacho chote kinahusu mikate ya nafaka nzima na kinaeleza kwa subira kwa nini mkate wako umekuwa mzito. Vitabu vya Zanzibar, kama *A Taste of Zanzibar* cha Zarina Jafferji, vina ladha tamu sana, ila vinategemea nazi, na nazi ikifika Njombe imeshakuwa ghali. Nitarudi hapo.

Namna ya kukipima kitabu

Kabla hujalipa, fungua orodha ya mapishi nyuma ya kitabu na utafute maharage, mahindi, njegere, viazi, ulezi au mtama, karanga na maboga. Usipokuta angalau nne kati ya hivyo, kirudishe, hata kama picha zake zinapendeza kiasi gani.

Kisha soma pishi moja la maharage kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwandishi anayejua kazi yake atakwambia uloweke usiku kucha, umwage maji yale, uweke maji kiasi gani, na utajuaje kuwa yameiva. Mwandishi anayesema tu "chemsha maharage hadi yaive, kaanga vitunguu" amekuachia kazi ngumu na kukufundisha ile unayoijua. Angalia pia kama chakula kikuu ni mlo kamili. Vitabu vingi dhaifu huchukua sahani ya mla nyama, huiondoa nyama, na kukuachia wali na kachumbari. Na katika vitabu vya Kiswahili chunguza sura ya mboga, kwani dagaa na vipande vya nyama hujipenyeza humo bila kutajwa kwenye kichwa cha pishi. Ukikuta pishi la namna hiyo nawe hutaki samaki, karanga zilizosagwa hukaa vizuri mahali pa dagaa.

Jambo la tatu ni uji wa lishe. Kama kitabu kinakwambia uchanganye nafaka na kunde kumi kwenye mfuko mmoja wa unga, kifunge. Kila punje ina muda wake wa kuiva na kuharibika, na mtoto akiugua tumbo hutajua ni kipi kilichomdhuru. Nafaka moja, kunde moja na karanga kidogo vinatosha. Soya isiingie ikiwa mbichi: lazima ichemshwe au ikaangwe vizuri kwanza, la sivyo inazuia mwili kutumia protini yake.

Kuna pia vitabu vinavyokutisha kuhusu protini. Mwaka 1971 Mmarekani Frances Moore Lappé alichapisha *Diet for a Small Planet* na kuwaaminisha wengi kwamba nafaka na kunde lazima zipimwe na kuchanganywa katika kila mlo. Katika toleo la mwaka 1981 mwenyewe alirekebisha: mtu mzima anayekula nafaka na kunde za kutosha kwa siku nzima hana haja ya kupiga hesabu kila anapoketi kula. Kitabu kinachokushikisha mizani ya protini kila mlo kimepitwa na wakati. Kinachosahau kabisa vitamini B12 ni kibaya zaidi. Vitamini hiyo haimo kwenye mimea. Huipata kwenye maziwa, mayai, jibini na nyama, na damu na mishipa ya fahamu huihitaji. Njombe ina bahati ya maziwa, na jibini hutengenezwa hapohapo mjini. Lakini kama umeacha hata maziwa na mayai, unahitaji vidonge au chakula kilichoongezewa vitamini hiyo. Na mtoto mdogo usimwachishe vyakula vya wanyama bila kuongea na mtaalamu wa lishe. Kwa takwimu za mkoa huu, hilo si la kujaribiajaribia.

Milima na maji yanayochemka

Hapa ndipo vitabu vyote, vya bure na vya kununua, vinapowaangusha watu wa Njombe. Mji wa Njombe uko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Makambako iko chini kidogo. Kadiri unavyopanda, ndivyo mgandamizo wa hewa unavyopungua na maji kuchemka kwa joto dogo zaidi. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100. Njombe huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Unaweza kuchochea kuni mpaka sufuria iruke, maji hayatazidi hapo. Kwa hiyo pishi lililoandikwa "chemsha saa moja" na mtu wa pwani, kwako ni saa moja na nusu au zaidi, na hukukosea kitu.

Fanya hivi. Loweka maharage, mahindi ya kande na njegere kavu usiku kucha, saa 10 hadi 12, umwage maji na kuweka mengine. Chemsha kwa nguvu angalau nusu saa mwanzoni, hasa maharage mekundu, ambayo yakiiva nusu yana sumu inayosababisha kutapika na kuharisha. Baada ya hapo sufuria yenye mfuniko unaobana inaweza kufungwa kwenye blanketi ndani ya kapu na kuendelea kuiva bila kuni kwa saa kadhaa, kisha uirudishe motoni kumalizia. Kama una uwezo wa kununua kitu kimoja cha jikoni, nunua sufuria ya mvuke, ile inayofungwa kwa pete ya mpira. Inarudisha joto ambalo mlima umelichukua, na akiba ya mkaa itailipa.

Chumvi usiogope kuitia kwenye maji ya kulowekea; hulainisha ganda. Nyanya na limau ndivyo vya kuchelewesha, kwani uchachu wake hufanya maharage yawe magumu.

Mkate nao una mambo yake. Hewa nyepesi hufanya kinyunya kiumuke upesi na kuporomoka, kwa hiyo punguza hamira kama robo ya kipimo cha kitabu. Lakini Juni na Julai baridi ya Njombe huizuia hamira kufanya kazi, hivyo weka bakuli karibu na jiko na uutazame unga, usiitazame saa. Unga wa ngano nzima hunywa maji mengi kuliko mweupe: ongeza kidogo, uache upumzike nusu saa kabla ya kuukanda, na chapati zako zitakunjika bila kukatika. Anayeanza achanganye sehemu mbili za ata na moja ya ulezi. Asiye na oveni aoke kwenye sufuria nzito, mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko.

Kubadilisha viungo

Kitabu cha Ulaya au Marekani kitakuomba vitu vya ajabu. Pishi la kwinoa lipike kwa mtama au uwele. Bulga ni ngano iliyochemshwa, ikakaushwa na kupondwa; chenga za ngano zinatosha. Dengu zikikosekana, choroko na kunde zinachukua nafasi yake. Keili ni ndugu wa sukuma wiki. Mafuta ya zeituni yaache huko yaliko na utumie alizeti. Parachichi, ambalo wazungu hulinunua moja moja kwa bei ya kuumiza, wewe unalo la kupaka kwenye mkate badala ya siagi. Na kwa yale mapishi ya pwani ya maharage, majani ya maboga au ndizi za nazi, tia karanga zilizosagwa laini na kukorogwa kwa maji ya vuguvugu. Ladha itabadilika, ila kwangu mimi majani ya maboga kwa karanga yanashinda ya nazi.

Vipimo: kikombe cha Kimarekani ni mililita 240, wakia moja ni gramu 28, na nyuzi 350 za Farenheiti ni kama 175 za Selsiasi.

Kitu kingine ambacho kitabu cha nje hakitakwambia kwa sababu hakikijui: unaishi penye mashamba ya chai. Luponde, Kibena na Lupembe ni majina ya chai, na chai ipo kila mlo. Majani yake yana kemikali zinazoyanasa madini chuma ya maharage na mboga, hata mwili usiyapate. Asiyekula nyama anayahitaji sana madini hayo. Kunywa chai saa moja kabla au baada ya chakula, na kwenye chakula chenyewe weka limau, nyanya mbichi au pera, kwani vitamini C huyasaidia kuingia mwilini.

Kimea

Mwaka 1983, Njombe ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Iringa, ulianza mkoani humo mpango mkubwa wa lishe wa Serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, uliogharimiwa na Italia. Mwaka huohuo Mtanzania A. C. Mosha na mwenzake wa Sweden, Ulf Svanberg, walichapisha utafiti kuhusu jambo ambalo bibi zetu walilitumia kwenye pombe: nafaka iliyooteshwa, yaani kimea, huufanya uji mzito ulegee. Mtoto mdogo hawezi kumeza uji mzito, na uji mwepesi ni maji matupu. Kimea huondoa tatizo hilo, na hupunguza pia vitu vilivyomo kwenye ganda la nafaka ambavyo huyashika madini. Katika vitabu vingi vya mapishi hutakikuta, kwa hiyo nakiandika hapa.

Osha ulezi safi, uloweke usiku mmoja, umwage maji, uutandaze kwenye ungo na kuufunika kwa kitambaa kibichi. Nyunyizia maji asubuhi na jioni. Baada ya siku mbili au tatu (Julai ya Njombe huweza kufika nne) vimizizi vitatokeza. Ukiona ukungu, tupa wote. Anika juani hadi ukauke kabisa, fikicha kuondoa vimizizi, saga. Pika uji mzito wa nusu lita kama kawaida, uuache upoe kidogo, koroga kijiko kimoja cha mezani cha kimea, na baada ya dakika chache utaona umelegea. Urudishe motoni uchemke tena kabla ya kumpa mtoto. Tumia ulezi na si mtama kwa kazi hii, kwa sababu machipukizi ya mtama yana sumu ya sianidi.

Sasa nunua daftari gumu. Kila pishi unalolijaribu, andika chanzo chake, ulichobadilisha, muda halisi lililochukua kwenye jiko lako, na kama watoto walimaliza sahani. Waulize wazee wa Kibena, Kikinga na Kipangwa jinsi walivyopika ulezi, njegere kavu na majani ya porini, na uandike vipimo, maana wao wanapima kwa kiganja na maarifa hayo yatazikwa nao. Kitabu cha Kiswahili cha mapishi ya nyanda hizi, chenye nafaka nzima na muda wa kupikia unaofuata mlima, kinahitajika sana, na wachapaji wetu wangefanya jambo jema kukitafutia mwandishi.

Kama una fedha ya kitu kimoja tu mwezi huu, usianze na kitabu cha kununua. Chapisha kurasa za kunde na nafaka za *Kenya Food Recipes*, mwone ofisa lishe akupe alichonacho cha Kiswahili, na saga sado moja ya dona na kilo moja ya ulezi. Kitabu cha Jaffrey kitafuata mfuko ukiruhusu.